Uzi: Altaneta ya boti na muziki mkubwa, hesabu ipigwe kwenye sailensi

Umeme wa Bahari:

Wakuu, heshima kwenu. Kila sikukuu inapokaribia, hapa Tanga swali huwa lile lile: "Fundi, nataka muziki wa maana kwenye boti, nifunge altaneta ya ampea ngapi?" Anayeuliza keshanunua spika, amplifaya na subwufa, keshapatana na wageni safari ya kisiwa cha Toten au cha Maziwe, na sasa anataka namba moja tu aende nayo dukani. Nimeona niyaandike yote kwa pamoja. Nikijibu kwa kifupi pale Deep Sea mtu anaondoka na namba asiyojua imetoka wapi, na boti ikigoma kuwaka ikiwa na watu ndani, hapo si suala la muziki tena.

Tuanze na kibati cha altaneta, kile kifaa kinachozungushwa na mashine kikachaji betri. Ile 100A iliyoandikwa pale ni kipimo cha altaneta ikiwa haijapata moto, tena ikizunguka kama mara 6,000 kwa dakika. Mizunguko hiyo ni ya altaneta yenyewe, si ya mashine. Ili ujue ya kwako inazungukaje, chukua rula upime puli mbili: ya krenki na ya altaneta. Puli ya krenki ikiwa sentimita 15 na ya altaneta sentimita 6, kila mzunguko mmoja wa mashine unaipa altaneta mizunguko miwili na nusu. Mashine ikiwa sailensi (inawaka tu bila kuongezwa mafuta) kwenye 800, altaneta iko 2,000. Hapo ile 100A inakupa karibu nusu. Kisha chumba cha mashine kwenye boti hakina upepo, kimefunikwa, na altaneta ikishapata moto hupoteza tena kama robo ya kile inachotoa. Unabaki na ampea 40 hivi. Mashine ikikimbia 2,400, altaneta ile ile inafika 6,000, na hata ikiwa moto inakupa 75 au zaidi.

Sasa jiulize muziki unapigwa saa ngapi. Tukiwa safarini mashine inanguruma na upepo unavuma, nani anasikia? Muziki unapigwa mmeshatia nanga, watu wako majini, samaki yuko jikoni. Yaani mashine iko sailensi au imezimwa kabisa. Kwa hiyo ampea za kwenye kibati hazina kazi yoyote saa ile unayozihitaji. Hesabu ipigwe kwenye sailensi, na kilichopungua kitoke kwenye betri.

Upande wa muziki ndiko watu wanakopigwa zaidi. Boksi la amplifaya limeandikwa wati 3,000 kwa herufi kubwa. Achana nazo. Tafuta kwenye kijitabu wati za RMS, zile inazoweza kutoa mfululizo, halafu igeuze amplifaya uangalie fyuzi zake. Amplifaya ya volti 12 yenye fyuzi ya ampea 30 haivuti mfululizo zaidi ya wati 400 kutoka kwenye betri, na kinachofika kwenye spika ni pungufu ya hapo. Boksi linaweza kuandikwa lolote, lakini fyuzi haidanganyi. Angalia pia daraja lake. Za daraja AB hupoteza karibu nusu ya umeme kwa joto, ndiyo maana ukiishika inaunguza. Za daraja D hupoteza kama moja ya tano tu.

Muziki hauvuti umeme wa juu muda wote, kwa sababu ngoma inapiga na kuachia. Mimi kwa taarabu na bongofleva huchukua theluthi ya kiwango cha juu. Kwa singeli iliyofunguliwa mpaka mwisho huchukua nusu, maana ile haina pumziko.

Twende na mfano wa boti ya faiba yenye mashine ya ndani ya dizeli, farasi 30, altaneta yake ya asili ampea 55. Mwenyewe anataka amplifaya ya AB ya wati 400 kwa spika nne, na ya D ya wati 500 kwa subwufa. Ile ya AB ikifunguliwa yote inavuta wati 730 hivi, ya D inavuta 625. Jumla 1,355, gawanya kwa volti 13.5, unapata ampea 100. Theluthi yake ni 33. Friji ndogo ya kompresa inavuta 5 ikiwa inafanya kazi, na kwa joto letu inafanya kazi zaidi ya nusu ya muda, weka 3. GPS na kipima kina 1.5, redio ya VHF ikisikiliza tu 0.5 (ukibonyeza kuongea inapanda hadi 5 au 6, lakini ni kwa sekunde chache). Taa za LED 1, pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayokusanyika chini kabisa ya boti) ikijiwasha mara mojamoja 0.5, na simu nne za wageni 4. Vyote hivyo ni 10.5. Ongeza muziki, ni ampea 44 kila saa mliyotia nanga.

Altaneta yake ya 55 kwenye sailensi, ikiwa moto, tena kwa puli alizonazo, haizidi 20. Kila saa anakula ampea 24 au zaidi kutoka kwenye betri. Akizima mashine anakula zote 44. Betri zake ni za maji, jumla Ah 200 (Ah ni ampea mara saa), na za aina hiyo hupaswi kushuka chini ya nusu kama unataka zikae miaka. Ana Ah 100 za kutumia. Mashine ikiwa imezimwa ni saa mbili na kidogo, basi.

Akiweka altaneta ya 100 yenye puli nzuri, sailensi inampa 40, karibu anatosha. Lakini dizeli kukaa sailensi kutwa nzima bila mzigo ni kuijaza masizi, na wageni wanavuta moshi. Sipendi suluhisho hilo na simshauri mtu kulifanya la kwanza.

Mimi huanzia kwenye spika. Angalia unyeti wake, desibeli ngapi kwa wati 1. Spika ya desibeli 91 ikipewa wati 50 inatoa sauti sawa na ya 88 ikipewa wati 100. Desibeli 3 tu, na mzigo wa umeme umekatika nusu. Ndivyo ilivyo hata ukigeuza upande wa pili: ukitoka wati 500 kwenda 1,000 sikio linasikia tofauti ndogo sana, ila betri inaisikia yote. Mtu akibadilisha spika nne na ile amplifaya ya AB, anaweza kushuka kutoka 33 hadi 22 hivi na hakuna mgeni atakayejua kuna kilichopunguzwa. Altaneta inakuja baada ya hapo.

Na kabla ya yote, betri ya kuwashia mashine iwe peke yake. Muziki usiiguse. Kwenye hili sina mjadala.

Karibuni tuchangie.

---

Mtoto wa Sahare:

Fundi umeeleza vizuri, ila naona unazunguka. Mimi kuna altaneta ya mtumba nimeiona Ngamiani, wanasema ni ya 150, bei imetulia. Nikiifunga hiyo si nimemaliza? Mashine yangu ni dizeli ya farasi 27.

---

Umeme wa Bahari:

Kaka, kwanza hakikisha si ya lori. Altaneta nyingi kubwa za mtumba ni za volti 24, na ukiipeleka kwenye betri ya 12 utachemsha betri na kuunguza kila kitu kilichounganishwa.

Pili, nguvu hiyo inatoka kwenye mashine yako. Ampea 100 kwa volti 14 ni wati 1,400, lakini altaneta yenyewe hupoteza karibu nusu, kwa hiyo mashine inatoa kama farasi 3 na nusu. Ampea 150 ni farasi 5. Kwa 27 utavumilia, mwenye mashine ya farasi 10 angeshangaa boti haisogei.

Tatu ni mkanda. Mkanda mmoja wa V wa milimita 10 usiupe zaidi ya ampea 70 au 80. Wa milimita 13 unafika 100 hivi. Zaidi ya hapo unataka mikanda miwili au ule mpana wa mistari, na puli zake zote. Nenda kafunue mashine yako sasa hivi uangalie. Ukikuta vumbi jeusi limetapakaa mbele ya mashine kama unga wa mkaa, na ubavu wa mkanda unang'aa kama kioo, basi hata hiyo altaneta uliyonayo inateleza. Ukiukaza kupita kiasi ili usiteleze, unaua beringi ya altaneta na ya pampu ya maji.

Kabla ya kununua chochote nipimie vitu vinne: ampea zinazotoka kwenye altaneta mashine ikiwa sailensi, ampea hizo mashine ikiwa 2,000, volti kwenye altaneta, na volti kwenye betri. Tumia mita ya kubana inayopima DC, umeme wa betri. Nyingi za bei nafuu zinapima AC tu, umeme kama wa nyumbani, zitakusomea sifuri ukadhani altaneta imekufa. Uweke majibu hapa.

---

Kapteni Pangani:

Na sisi wa injini za kupachika? Nina Yamaha 40 ya stroku mbili ya kuwashia kwa kamba, napeleka wageni Maziwe. Wanataka redio na chaji ya simu.

---

Umeme wa Bahari:

Kapteni, yako haina altaneta ya mkanda. Ndani ya gurudumu la juu kuna koili ya taa, na kwa mashine za aina hiyo huwa ni ya wati 80 hivi. Hiyo ni ampea 6, tena ukiwa kwenye resi. Hakuna kubwa zaidi ya kubadilisha, nafasi ndiyo hiyo hiyo. Kinachotoka pale ni AC isiyotulia, ukiunganisha taa ya LED moja kwa moja inaungua siku ya kwanza. Lazima kiwepo kifaa cha kugeuza na kutuliza umeme kabla ya betri, na kiwe cha mashine hiyo, si cha bodaboda.

Kwa hali yako ningeiacha hiyo koili ifanye kazi ya taa za usiku, kisha nifunge paneli ya sola juu ya kivuli. Paneli ya wati 100 kwa jua letu inakupa Ah 30 kwa siku kwa makadirio ya kawaida. Redio ya wati 40 za kweli na simu za wageni zinatosha hapo, na hakuna mafuta yanayoungua. Mashine kubwa za stroku nne, farasi 115 kwenda 150, zenyewe hutoa kati ya ampea 25 na 60 kutegemea aina, ila nazo ukizifikisha sailensi zinashuka vibaya.

Jambo moja la pembeni, Kapteni, kwa kuwa umeitaja Maziwe. Kile kisiwa ni hifadhi na kasa wanataga pale. Subwufa haina kazi kule. Spika mbili ndogo zinatosha, na wageni wengi wanaolipa kwenda Maziwe wanataka kusikia bahari.

---

Nahodha Mstaafu:

Vijana, nimesoma. Mambo mawili. Hizo altaneta za gari mnazofunga kwenye boti za petroli zitakuja kuua mtu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unalala kwenye ngama, na altaneta ya gari inatoa cheche kwenye brashi zake. La pili, pampu ya ngama msiipitishe kwenye swichi kubwa ya betri. Boti inalala nangani usiku, mwenyewe kazima kila kitu kaenda kulala, pampu nayo imezimwa. Asubuhi unakuta mlingoti tu.

---

Umeme wa Bahari:

Shikamoo mzee. Umesema kweli tupu na nilipaswa kuanza na hilo. Wakuu, mwenye mashine ya ndani ya petroli asiguse altaneta ya gari wala stata ya gari. Zipo za baharini zilizofunikwa ili cheche isikutane na mvuke. Ni ghali, lakini hapo hakuna njia ya mkato. Kwa dizeli hatari hiyo ni ndogo zaidi, ila kutu ya chumvi haibagui.

Pampu iende moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake na boya lake la kuiwasha maji yakipanda.

Niongeze kuhusu swichi kubwa ile ya 1, 2, zote na zima: mashine ikiwa inawaka, usiipitishe kwenye zima hata kwa kufumba na kufumbua. Altaneta ikikatiwa betri ghafla volti zinaruka juu na diodi zinakufa pale pale. Ndiyo maana siku hizi napendelea relei ya volteji. Volti za betri ya stata zikifika 13.3 hivi, relei inaunganisha betri za muziki zichajiwe. Zikishuka karibu na 12.8 inazitenganisha. Hakuna anayehitaji kukumbuka kugeuza kitu.

---

Bi Mwambani:

Fundi, mimi nimeshauriwa ninunue lithiamu, nyepesi na inadumu. Altaneta yangu ni ya 60. Kuna tatizo?

---

Umeme wa Bahari:

Dada, betri ni nzuri, lakini usiiunganishe moja kwa moja. Betri ya maji ikiwa tupu inapokea taratibu, kama moja ya kumi hadi moja ya tano ya Ah zake, na inavyojaa inazidi kukataa. Lithiamu inapokea chochote unachoipa mpaka ijae. Altaneta ya 60 itatoa kila inachoweza mfululizo, na ukiwa sailensi feni yake inazunguka polepole, haijipoozi. Utasikia harufu ya vanishi ya koili, hapo imeshaungua. Tena lithiamu ina kilinzi cha ndani ambacho kikiona betri imejaa au kuna hitilafu kinakata ghafla, na tumeshasema altaneta ikikatiwa ghafla inakuwaje.

Weka betri ya kawaida ya stata ipokee kutoka altaneta, halafu kati yake na lithiamu weka chaja ya DC kwenda DC ya ampea 30. Hiyo itavuta 30 na kidogo tu, na altaneta yako ya 60 itaishi.

Na waya, dada, waya! Madukani kuna nyaya nene za muziki wa gari, nzuri kwa macho, bei ndogo. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Baharini inageuka unga mweupe ndani ya lagi (kile kichwa cha chuma cha kufungia waya) na huoni kitu mpaka ipate moto. Unayotaka wewe ni mweupe nje na mwekundu ndani, yaani shaba iliyopakwa bati.

Unene wake unapigiwa hesabu. Zidisha urefu wa kwenda na kurudi kwa ampea, zidisha 0.0172, gawa kwa milimita za mraba. Betri ikiwa mita 6 kutoka kwenye amplifaya, kwenda na kurudi ni 12, na ukivuta ampea 60 kwa waya wa 16 unapoteza volti 0.77. Kwa waya wa 35 unapoteza 0.35, hiyo inavumilika. Fyuzi kubwa ikae karibu na betri, chini ya shubiri moja. Ikikaa kule kwenye amplifaya inalinda amplifaya tu, huku waya mzima uliopita chini ya sakafu hauna wa kuulinda.

---

Mtoto wa Sahare:

Fundi nimepima. Sailensi 750: ampea 16, volti 13.1. Resi 2,000: ampea 41, volti 14.2 kwenye altaneta, 13.5 kwenye betri. Muziki kwa sauti yetu ya kawaida unavuta 22, ukifunguliwa sana 38. Vitu vingine ni 8. Betri za muziki Ah 200 za maji. Na vumbi jeusi lipo kweli. Safari zetu ni Toten tu.

---

Umeme wa Bahari:

Safi sana, sasa tunaongea na namba.

Volti 0.7 zinapotea kati ya altaneta na betri, hilo ndilo la kwanza. Regyuleta (kidhibiti volti) iliyo ndani ya altaneta inaona 14.2 inaridhika, wakati betri inapata 13.5 na haitajaa hata ukikimbia mpaka Pemba. Tafuta zinapotelea wapi: mashine ikiwa 2,000, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo kubwa ya altaneta na nyingine kwenye chanya ya betri, usome. Kisha bodi ya altaneta na hasi ya betri, usome. Upande wenye namba kubwa ndio mbovu. Mara nyingi huwa ni ile hasi iliyofungwa kwenye bolti yenye kutu.

Kwa sauti yenu ya kawaida mnatumia 30, sailensi inatoa 16, mnakula 14 kwa saa. Kwa Ah 100 za kutumia mna karibu saa 7. Mkizima mashine mna saa 3 na kidogo. Kwa safari ya Toten hiyo inatosha, hiyo 150 iache Ngamiani.

Tatizo lako litakuwa kuzijaza tena. Toten iko mbele ya mji hapo hapo, mashine haikimbii muda wa kutosha kurudisha Ah 100, na betri ya maji robo ya mwisho inataka masaa. Nunua chaja ya nchi kavu ya ampea 20, uichomeke usiku boti ikiwa gatini. Asubuhi kabla hujawasha mashine soma volti: 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu.

Mkanda badilisha kesho. Angalia kama puli ya altaneta haijalika mfereji wake, maana mkanda mpya kwenye puli iliyolika utateleza vile vile. Ukishamaliza mkanda na waya, pima tena sehemu zile zile uweke hapa.